Juu ya Kupima Jinsi Vijana Wategemeavyo Simu

Kijana wa miaka 13 hadi 19 aweza kuitegemea simu kwa mambo mawili yasiyofanana: kufikiri kwake, yaani kukumbuka, kuhesabu na kuamua, na usuhuba wake, yaani kuwapata wenziwe na kudumu nao. Vipimo vingi vilivyotungwa tangu mwisho wa karne ya 20 vimeyachanganya mambo haya, kisha vikayatia yote chini ya jina la maradhi. Kimberly Young wa Marekani, katika hojaji yake ya maswali 8 iliyochapishwa mwaka 1998, alichukua dalili ambazo matabibu walizitumia kumtambua mtu aliyeshikwa na kamari, akazigeuza zihusu intaneti; aliyejibu ndiyo mara 5 au zaidi alihesabiwa kuwa ametekwa. Mwaka 2013 Min Kwon na wenzake wa Korea ya Kusini walitoa kipimo kifupi cha simu janja kwa vijana, chenye kauli 10, kila moja ikipewa alama 1 hadi 6. Mpaka wa hatari waliuweka kwenye alama 31 kwa wavulana na 33 kwa wasichana.

Njia nyingine yatoka kwa wanafalsafa. Mwaka 1998 Andy Clark na David Chalmers walimbuni mtu mwenye maradhi ya kusahau, ambaye daftari lake yu nalo daima na huliamini pasipo kusita. Wakadai kwamba daftari hilo ni sehemu ya akili yake. Kwa mtazamo huo kutegemea chombo si ugonjwa, na lipasalo kupimwa ni kazi gani ya akili imehamishiwa chomboni, na kwa kiasi gani. Betsy Sparrow na wenzake walieleza mwaka 2011 kwamba mtu anayetazamia habari itawekwa katika kompyuta huikumbuka habari yenyewe kwa uchache, bali hukumbuka vizuri zaidi mahali ilipowekwa. Ingawa jaribio jingine la makala hiyo hiyo halikutoa matokeo yale yale liliporudiwa na watafiti wengine mwaka 2018.

Vipimo vya namna hii vikitiwa katika Kiswahili, ugumu wa kwanza haumo katika hesabu, bali katika vitenzi. Chukua kitenzi kuhifadhi. Mwanafunzi wa chuoni huhifadhi sura kwa moyo, na neno lilo hilo ndilo liandikwalo juu ya kioo cha simu pale mtu anapotaka picha au waraka usipotee. Kijana akiulizwa kama huhifadhi namba za jamaa zake, aweza kujibu ndiyo kwa sababu anazo kichwani, na mwenziwe akajibu ndiyo kwa sababu zimo simuni. Majibu yamelingana, mambo yaliyojibiwa ni kinyume.

Tena kuna kiambishi hu-, na hapa mtego ni mkubwa zaidi, wala haukupewa uzito unaostahili. Vitenzi vyenye asili ya Kiarabu havigeuzi irabu ya mwisho vinapokanushwa; kwa hiyo hu- ya mazoea na hu- ya kumkanushia mtu wa pili hutoa umbo moja. "Hufikiri bila kutazama simu" yaweza kumaanisha kwamba kufikiri pasipo simu ni desturi, au kwamba wewe huwezi kufikiri ila uitazame kwanza. Kuongeza neno wewe hakusaidii kitu. "Husahau miadi usipokuwa na simu" ni vivyo hivyo. Kumbuka hana shida hiyo, kwa kuwa hukumbuka na hukumbuki ni mbali. Lakini fikiri, hifadhi, sahau na tafakari, ambavyo ni nguzo za sehemu ya akili katika hojaji yoyote, vyote vimo mtegoni. Kauli moja ikieleweka kinyume yaweza kumtoa kijana katika alama 1 na kumpeleka katika 6, nayo tofauti hiyo ya alama 5 yatosha kumvusha mpaka uliowekwa Korea na kumwandika kuwa mgonjwa. Dawa yake si ngumu: kauli ziandikwe kwa nafsi ya kwanza, ambayo hutenga "mimi hufikiri" na "sifikiri".

Katika mfano huo wa miadi, "usipokuwa na simu" nayo yahitaji kutazamwa. Asemaye "sina simu" huenda hajapata kumiliki simu maishani mwake, au ameiacha nyumbani asubuhi ile. Hofu ya wa pili ndiyo itafutwayo na kipimo. Umaskini wa wa kwanza ni habari nyingine kabisa. Na mtafiti aulizaye "Hutumia simu saa ngapi?" asistaajabu akijibiwa "Saa mbili usiku", aulize muda.

Wako waonao kwamba maswali yaachwe, isomwe hesabu iliyotunzwa na simu yenyewe. Hoja yao ina nguvu, maana uchunguzi wa Douglas Parry na wenzake wa mwaka 2021, uliokusanya tafiti nyingi, ulionyesha kuwa makadirio ya watu juu ya matumizi yao ni nadra kuafikiana na hesabu ya chombo. Lakini hesabu hiyo ni ya chombo, si ya mtu. Katika nyumba ambamo simu moja hupokezanwa na mama, kaka na dada, saa sita zilizoandikwa kiooni hazisemi ni zipi za binti wa miaka 15, wala kama alikuwa akitafuta jawabu la hesabu au akizungumza na shoga yake.