Sajili katika Mazungumzo ya Redio ya Umma

Siku moja ya mazungumzo katika idhaa ya Kiswahili ya Shirika la Utangazaji la Kenya (KBC) yatosha kumfunza mwanaisimu mengi kuhusu sajili. Taarifa ya habari husomwa kutoka maandishi: sentensi ni kamilifu, na nafsi ya msomaji hufichika. Mahojiano huvunja utaratibu huo. Wazungumzaji hukatizana, hurudia maneno na kuchanganya ndimi.

Baina ya ncha hizi mbili kuna kipindi cha maadili. Mfano bora ni "Je, Huu ni Uungwana?", alichokianzisha Leonard Mambo Mbotela mwaka 1966. Mtangazaji huyo, aliyefariki mwaka 2025, alieleza utovu wa adabu, kisha akauliza swali la balagha. Mkosaji hakutajwa, hukumu aliachiwa msikilizaji. Aidha, neno "uungwana", ambalo zamani katika pwani lilimtenga aliyezaliwa huru na mtumwa, lilipimwa kwa tabia wala si kwa nasaba.

Hivyo basi, mazungumzo ya redio si porojo. Ni matini, na yasiporekodiwa na kuhifadhiwa, ushahidi wa Kiswahili kinavyosemwa hutoweka pamoja na sauti.