Umeme Unaporudi Kisangani

Mota nyingi za Kisangani haziungui umeme unapokatika. Huungua unaporudi. Delestaji, yaani mgao wa umeme, ikiisha mtaani, friji, pampu, mashine za kulehemu na za kukoboa mpunga huamka kwa pamoja, na kila mota inapoanza kuzunguka hudai mkondo mara tano hadi saba ya ule inaoutumia ikishashika kasi. Volteji huporomoka. Na hapo fizikia haina huruma: nguvu ya mota ya kuzungusha hushuka kwa mraba wa volteji, kwa hiyo ikipata volti 160 badala ya 220 hubaki na karibu nusu tu. Mashine hujikongoja, waya huchemka, kisha ateliye nzima hunuka vanishi iliyoungua.

Kituo cha umeme cha maporomoko ya Tshopo, kinacholilisha jiji, kilianza kazi miaka ya 1950. Mitambo yake mitatu, hata ikizunguka yote, haifikishi megawati 20, na jiji leo lina watu zaidi ya milioni moja. Kituo kipya si kazi ya fundi wa mtaani. Kuilinda mota ni kazi yake, na kifaa cha kumsaidia anaweza kukiunda mwenyewe.

Kifaa chenyewe ni kidhibiti: bodi ndogo inayopima volteji, ikangoja itulie juu ya volti 200 kwa dakika mbili, halafu ikawasha mota moja baada ya nyingine. Ikiongezewa sekunde chache za kubahatisha, karakana za mtaa mmoja hazitaamka kwa mpigo. Wengi wakisikia habari za viwanda vyenye akili hufikiria roboti za Ujerumani. Kwangu mimi, mashine inayojua kungoja zamu yake tayari ina akili ya kutosha.

Viwanda vilianza kutumia vidhibiti vya namna hii mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1968 tawi la Hydra-Matic la kampuni ya magari ya General Motors, Marekani, lilitafuta kitu cha kuchukua nafasi ya makabati yaliyojaa rilei, yaani swichi zinazoendeshwa kwa umeme; Dick Morley na wenzake wakatengeneza Modicon 084. Vizazi vilivyofuata ni imara kweli, lakini vingi vimefungwa: programu ya kuviandikia inahitaji leseni, na aliyeweka nenosiri akiondoka, mwenye kiwanda hubaki na sanduku asiloweza kulifungua. Kwa mto, Kinshasa iko kama kilomita 1,700 kutoka hapa. Kumngoja mtaalamu wa kampuni ni kuufunga mlango wa kiwanda.

Ndiyo maana uhuria una uzito kuliko bei. Arduino, familia ya bodi ndogo za udhibiti iliyozaliwa Ivrea, Italia, mwaka 2005, ilitoka pamoja na michoro yake. Bodi yake ya Uno ya awali ina kumbukumbu ya programu ya kilobaiti 32 tu, na kwa kazi yetu hizo zinatosha na kubaki. Mbrazili Thiago Alves alianzisha OpenPLC, programu huria inayozigeuza bodi za bei nafuu kuwa vidhibiti vinavyoelewa lugha za kiwango cha kimataifa cha IEC 61131-3, ikiwemo ile ya michoro ya ngazi ambayo fundi umeme huisoma kirahisi. Bodi hizo huzungumza na mashine nyingine kwa Modbus, itifaki ya mwaka 1979 ambayo yeyote anaweza kuitumia. Kubuni udhibiti hapa nchini Kongo si ndoto pia: mwaka 2013 roboti za mhandisi Thérèse Izay Kirongozi zilianza kuongoza magari Kinshasa.

Baada ya mota, ningeanza na mpunga. Wakulima wa Isangi huuvuna ukiwa na unyevu mwingi, na kinu kinautaka karibu asilimia 14. Ukikaushwa haraka mno, punje hupasuka na mchele hutoka chenga. Takriban moja ya tano ya uzito wa mpunga ni makapi, na makapi yanaungua vizuri, kwa hiyo yanaweza kuwasha tanuru la kukaushia. Kihisi cha joto na feni ya tanuru vikiunganishwa na bodi ileile, hewa itabaki kwenye nyuzi zinazotakiwa hata mtunza moto akisinzia.

Tahadhari moja siifichi. Bodi iliyotoka dukani haijazoea vumbi, unyevu wa ikweta wala radi. Itengwe na umeme mkubwa kwa optokapla, kifaa kinachopitisha ishara kwa mwanga, iwekwe ndani ya kasha lililozibwa, na kitufe cha dharura kikate umeme moja kwa moja kwa waya, kisipitie kwenye programu kamwe. Programu hukwama, mkono uliokatwa haurudi.

Wewe mwanafunzi wa elektroniki au fundi wa Makiso, Kabondo au Mangobo, anza na kipima volteji na rilei moja. Kikishafanya kazi, toa mchoro na programu kwa Kiswahili, Kilingala na Kifaransa, ukiandika pia ni sehemu gani iliungua na uliibadilisha kwa nini.