Goli Ilifika Kwa Jirani Kwanza

Jumamosi usiku, keja yangu Umoja. Tuko wasee wanne kwa kitanda moja, lapi iko juu ya ndoo, kila mtu na smocha yake. Mechi iko dakika ya 83. Winga ameshika mpira huku kwetu nyuma, hata nusu ya uwanja hajafika. Ghafla ploti yote ya juu inalipuka: "Gooooo!" Vitanda zinaburutwa, mtoi anaamka analia, msee anapiga kijiko kwa sufuria. Kwetu winga bado anatembea na mpira. Tukaangaliana. Tukangoja kitu yenye tushajua, sekunde 20 na kitu hivi, hadi wavu ikatingishika. Hakuna mtu aliruka.

Beshte yangu akasema ni WiFi imelala. Wasee wengi husema hivyo. Manze, haikuwa WiFi. Mimi wera yangu ni kupeleka video laivu, matanga, ruracio, harusi na krusedi, na hii kitu nimeikalia miaka. Hizo sekunde hazikupotea njiani. Kuna watu waliketi chini wakaamua zikuwe hapo, na walikuwa na sababu ya maana.

Cheki huyo jirani wa juu. Ako na dishi. Mawimbi zinapanda hadi setelaiti yenye iko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, zinarudi, na hiyo safari yote ni kama robo ya sekunde. Ongeza muda wa kukunja picha huko kwa kituo na kuikunjua kwa dikoda, bado ni sekunde chache tu. Na setelaiti haina shida kama inachekiwa na nyumba moja ama milioni. Ni kama mvua, inanyeshea mabati zote mara moja.

Strimu ni mat. Lazima ibebe watu, na kila mtu ako na steji yake.

Turudi nyuma kidogo. Enzi ya saiba, video nyingi za kwa neti zilikuwa za Flash. Laivu ilikuwa inapita kwa RTMP, protokali ya Macromedia, kampuni yenye Adobe walinunua 2005. RTMP ilikuwa inafungua laini moja kati ya seva na kompyuta yako, halafu inamimina video bila kukata. Ilikuwa na mbio, unachelewa sekunde chache tu. Ngori ni kwamba kila mtazamaji anashikilia laini yake, na seva ni za aina yake, za bei. Halafu 2007 iPhone ikaingia bila Flash. 2010 Steve Jobs akaandika barua ya wazi akisema ni kwa nini hataitaka, na mwisho wa 2020 Adobe wakaizika kabisa. RTMP bado iko hai lakini, sema inafanya kazi ya nyuma tu: wasee wengi wa laivu ndio hutumia kutoa video kwa lapi hadi YouTube.

Pengo ya Flash kwa simu ndio HLS ya Apple ilijaza, 2009. Na hapa ndio goli yetu ilikwama. HLS inakata video vipande, na kila kipande ni faili ya kawaida tu, simu yako inaichukua vile inachukua picha kwa tovuti yoyote. Hiyo ndio ilibamba dunia. Haihitaji seva ya maajabu. Lakini kila kipande ni mat, na mat haitoki steji kabla ijae. Apple mwanzo walisema kipande kikuwe sekunde 10, kwa hivyo lazima hizo sekunde 10 zichezwe uwanjani kwanza ndio mat itoke. Na simu yako nayo hutaka mat kama tatu zikuwe zishafika ndio ianze kuonyesha, ndio moja ikikwama njiani usikae na giza. Tatu mara 10 ni nusu dakika. 2016 wakapunguza hadi sekunde 6. Tatu mara 6 ni 18, na hapo hujahesabu muda wa kukunja na wa barabarani.

DASH ikakuja 2012, na hii ni ya wote, si ya kampuni moja. Wasee huniuliza kati ya hizo mbili gani ni noma. Kwa macho yako hakuna tofauti. Zote zinakata vipande, zote zinajaza mat. Vita yao ilikuwa ya nani anashika usukani, na tangu 2016 vipande vilevile vinaweza kutumika kwa zote mbili.

Tofauti yenye utaihisi iko kwa akili ya hiyo programu inacheza video. Ndio huamua saa hii uvute picha safi ama ile ya ukungu. Zingine hupima spidi ya neti, zingine hucheki akiba ya video yenye imebaki, kama dereva anaangalia tangi. Kuna moja ya 2016 inaitwa BOLA, hiyo hucheki tangi. Ukiwa kwa mat Jogoo Road, neti inapanda na kushuka kila unapopita mnara, na spidi ya sekunde iliyopita haikuambii kitu. Hapo mimi niko timu tangi. Afadhali picha ikae ya ukungu kidogo kuliko ile duara ya kuzunguka wakati penalti inapigwa.

Sasa mbona tusipande boda? Boda iko, inaitwa WebRTC. Google waliachilia msimbo wake 2011, na Januari 2021 W3C, wasee wa viwango vya wavuti, wakaipitisha rasmi. Video kol za kwa brausa ndio kazi yake, na inachelewa chini ya nusu sekunde. Haingoji kujaa. Pakiti ikianguka njiani na isirudi haraka, inaachwa nyuma, ndio unaona uso wa beshte yako umevunjika vipande na sauti bado inaendelea. Lakini boda inabeba mtu mmoja. Wasee milioni wakitaka mechi, ni boda milioni na kila moja lazima ipewe mafuta na mwenye seva. Kipande cha HLS ama DASH kinakuja mara moja, kinawekwa kwa seva ya hapa Nairobi, na maelfu wanachota hapo. Netflix wako na hizo seva zao ndani ya kampuni za intaneti, Google pia. Unakumbuka Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika chini ya bahari na intaneti ya huku ikaanza kutambaa? Kitu yenye ishahifadhiwa hapa ndani haina haja ya kuvuka hiyo bahari.

Katikati kuna ile Apple walitoa 2019, HLS ya kuchelewa kidogo. Mat inaachilia abiria vikundi vidogo vidogo kabla ijae, na unaweza shuka hadi sekunde chache, karibu na dishi. Iko fiti sana ukiwa na faiba. Ukiwa na bando ya simu, neti ikitetemeka kidogo, akiba yako imeisha na duara inaanza. Hizo sekunde 20 zenye tulichukia Jumamosi ndio zilikuwa zinashikilia mechi isikatike.

Na bando ndio inaniuma kuliko kuchelewa. Video ya megabiti 1 kwa sekunde inakula MB 450 kwa saa, kwa hivyo dakika 90 ni MB 675. Netflix husema ukitaka 720p ukuwe na megabiti 3. Ukizitumia zote ni GB 2 kwa mechi moja, na mapumziko hujahesabu. Hapa protokali haisaidii, kitu inasaidia ni kodeki, yaani vile picha inakunjwa. H.264 ni ya 2003, na karibu kila simu inaielewa. AV1 ni ya 2018, bure kwa kila mtu, na inaweza toa picha ya kiwango kilekile na data karibu nusu. Nusu! Hiyo ni mechi mbili kwa bei ya moja. Sema kuikunjua ni kazi ngumu, na simu bila chipu yake inatumia prosesa ya kawaida, inachemka na chaji inaisha. Hata iPhone ilipata hiyo chipu 2023, na mwaka huo ilikuwa zile za bei juu tu. Kwa hivyo msee wa simu ya bei ya chini, huyo ndiye anahesabu kila MB, ndiye mara nyingi bado anavuta kodeki ya 2003. Hiyo si haki, na ningetaka watu wa kuunda simu waanze na yeye.

Kuna matanga moja nilipeleka laivu, ocha huko Ugenya. Neti ilikuwa mstari mmoja tu. RTMP ilikuwa inanisumbua, juu pakiti moja ikipotea zote za nyuma zinasimama kwa foleni. Nikahamia SRT, protokali yenye Haivision walifungua kwa wote 2017. Hii unaipa dirisha, mimi niliipa sekunde 2, na pakiti ikipotea inarudiwa ndani ya hizo 2, zikipita inaachwa tuendelee. Ikashika hadi jioni.

Binti ya marehemu alikuwa Minnesota, karatasi zake za kukaa huko hazikuwa zimetoka, hangeweza kuja. Alitaka kuongea. Nikamweka kwa video kol, boda, ndio sauti yake itoke hemani saa hiyo hiyo na watu wamjibu. Akaongea maneno machache tu, akalia, akamaliza, akakata simu. Kwa ukuta wa nyumba yake huko, TV ilikuwa imefunguliwa kwa strimu yetu, na kwa hiyo TV ndio alikuwa anaanza tu.

Akaketi na watoi wake wakamcheki akisalimia kijiji. Aliniambia baadaye kwamba akiwa kwa simu alikuwa ameshikilia karatasi yenye alikuwa anasoma, hakuskia chochote. Ile mara ya pili, kwa TV, ndio aliskia nyanya zake hemani wakiitikia jina la mamake, mmoja baada ya mwingine.