Seli za Uboho na Mguu Uliokosa Damu

Mishipa ya damu ikizibika, miguu yaumia upesi. Hayo huwapata hasa wavuta tumbako na wenye ugonjwa wa sukari. Mwanzoni mgonjwa aumwa akitembea. Baadaye aumwa hata akilala, vidonda haviponi, nyama yaoza. Waganga hujaribu kuzibua mshipa, ama kuipasulia damu njia nyingine. Yakishindikana hayo, mara nyingi mguu hukatwa.

Je, seli shina zaweza kuuokoa?

Seli shina ni seli changa za mwili, zenye uwezo wa kuzaa seli za namna nyingine. Baadhi yake hukaa katika uboho, ulio ndani ya mifupa. Mwaka 2002 waganga wa Japani walitangaza kazi yao: walitoa uboho katika nyonga ya mgonjwa mwenyewe, wakatenga seli zake, wakazidunga katika shavu la mguu. Maumivu yalipungua, na wagonjwa waliweza kutembea zaidi. Wengi wakafurahi.

Lakini furaha si ushahidi. Huko Utrecht, Uholanzi, wagonjwa 160 waligawanywa kwa kura. Wengine walitiwa seli za uboho wao katika mshipa wa paja. Wengine walitiwa kitu kilichofanana nazo kwa macho tu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015. Katika miezi 6, waliokatwa mguu walikuwa 19 kwa 100 upande wa seli, na 13 kwa 100 upande wa pili. Tofauti hiyo yaweza kuwa ya bahati tu. Faida ya seli haikuonekana. Tena maumivu yalipungua pande zote mbili! Ndiyo maana ushuhuda wa mgonjwa mmoja hautoshi.

Na dhamiri yasemaje? Uboho wa mgonjwa mwenyewe haumdhulumu mtu. Seli zipatikanazo kwa kuharibu kiinitete cha binadamu, Eklezya yazikataa, kama ilivyoeleza Dignitas Personae mwaka 2008. Lakini tusichanganye mambo: dawa isiyo na dhambi si lazima iwe dawa iponyayo.

Basi, jamaa wakitaka kuuza shamba kwa ajili ya sindano hizo, tuwaambie kweli kwa upole: kazi hii ingali katika kujaribiwa. Mgonjwa aache tumbako, atunze sukari yake, na kidonda kidogo cha mguu akionyeshe kwa mganga mapema. Tumaini la kweli halihitaji uwongo.