Wameru na Waarusha

Ukisimama sokoni Arusha na kuwasikiliza wauza ndizi, hukawii kusikia lugha mbili zisizofanana hata kidogo. Nao wasemaji wote ni watu wa mlima mmoja, Meru, ambao kimo chake chapita mita 4,500.

Upande wa mashariki hukaa Wameru. Wenyewe hujiita Varwa, nchi yao ni Rwa, na lugha yao Kirwa. Angalieni jinsi maneno hayo yanavyojengwa: va- ni watu, ki- ni lugha, kama tusemavyo Waswahili na Kiswahili. Hiyo ndiyo alama ya lugha za Kibantu. Kirwa ni ndugu wa Kichaga, hasa cha Machame, na mtawala wao wa zamani aliitwa mangi, kama kwa Wachaga. Lakini msiwachanganye na Wameru wa Kenya. Jina limefanana, lugha yao ni nyingine.

Upande wa magharibi hukaa Waarusha. Hao walitoka Arusha Chini, kusini mwa Kilimanjaro, yapata miaka ya 1830, nao husema Kimaasai. Katika lugha hiyo ng'ombe mmoja ni enkiteng, na wengi ni inkishu. Ni nani angedhani kuwa ni neno moja? Mgeni akiisikia huwaza kwamba wasemaji wote ni wachungaji tu, naye hukosea, kwa maana Waarusha hulima migomba na mahindi sawasawa na jirani zao.

Zamani makabila haya yalipigana, kisha yakaoana. Vijana wa Kimeru wakaingia katika marika yaliyopangwa kwa desturi ya Kimaasai, wakawa askari pamoja na Waarusha. Mwaka 1896 wamisionari wawili, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa huko Akeri na mashujaa wa makabila yote mawili, na Wadachi wakalipiza kisasi kwa wote.

Hata mto mmoja upitao katika nchi ya Wameru huitwa Ngare Nanyuki, yaani maji mekundu, nayo ni maneno ya Kimaasai. Wameru walipokea majina, marika na silaha, ila lugha yao hawakuiacha.

Siku hizi Kiswahili kimeenea mjini na vijijini. Bibi humwita mjukuu kwa Kirwa, na mjukuu huitika kwa Kiswahili.