Telekonveta na Lenzi ya Zumu: Msaada kwa Mkusanyaji wa Majina ya Ndege

1. Utangulizi

Anayefungua kamusi zetu za Kiswahili hukutana mara nyingi na maelezo haya mafupi: "aina ya ndege". Maelezo hayo si ya uongo, lakini hayamtoshelezi msomaji. Mara nyingi mkusanyaji alilisikia jina bila kumwona ndege mwenyewe kwa karibu. Kamera ya dijitali yaweza kuziba pengo hilo, mradi picha ionyeshe alama zinazomtambulisha ndege. Ndiyo maana watafiti huuliza kama yafaa kuongeza telekonveta kwenye lenzi ya zumu waliyo nayo. Makala haya yanakusudia kueleza kazi ya chombo hicho, gharama yake, na wakati ambapo ni afadhali kukiacha.

2. Kazi ya telekonveta

Telekonveta ni lenzi fupi inayowekwa kati ya kamera na lenzi kuu. Hukuza sehemu ya katikati ya taswira, mara 1.4 au mara 2. Hivyo zumu ya milimita 100–400 huwa ya 140–560 kwa telekonveta ya kwanza, na ya 200–800 kwa ya pili. Umbali mfupi kabisa wa kulenga haubadiliki.

Hata hivyo, si kila zumu huipokea. Kioo cha mbele cha telekonveta nyingi hujitokeza, nacho chaweza kugonga kioo cha nyuma cha lenzi. Zumu ya Canon RF 100–500, kwa mfano, hutumika na telekonveta kuanzia milimita 300 tu.

3. Gharama yake

Kwanza, mwanga hupungua. Mwanga ule ule hutandazwa juu ya eneo kubwa zaidi: takriban mara 2 kwa telekonveta ya 1.4, mara 4 kwa ile ya 2. Kwa hiyo f/5.6 huwa f/8 au f/11. Ili kufidia upungufu huo yatubidi kurefusha muda wa kupiga picha. Lakini lenzi ndefu hukuza pia mtikisiko wa mkono, na kanuni ya kale hudai sekunde 1/560 au chini yake kwa milimita 560. Madai hayo mawili hupingana. Kinachobaki ni kupandisha ISO, na picha huingiwa na chembechembe, au kutumia kiweko cha miguu mitatu, ambacho hakimzuii ndege kusogea.

Pili, kujilenga kwa kamera huathirika. Kamera nyingi za kioo huacha kujilenga kipenyo kikiwa kidogo kuliko f/5.6, baadhi hufika f/8. Nyingi zisizo na kioo huendelea hata kwa f/11, ingawa polepole zaidi.

Tatu, kasoro za lenzi hukuzwa pamoja na taswira. Zumu nyingi hupungukiwa na ukali mwishoni mwa urefu wake, na hapo ndipo tunapoihitaji telekonveta. Kwa sababu hiyo ile ya 1.4 ni salama zaidi kwa zumu.

4. Mfano

Tuchukue furukombe na kipungu. Wakiwa mbali angani, wote wawili ni madoa meusi. Picha iliyo wazi huonyesha kichwa na kifua cheupe cha furukombe, au mkia mfupi mno na uso mwekundu wa kipungu. Picha kubwa yenye ukungu haisaidii kuliko ndogo iliyo kali. Kabla ya safari, basi, mtafiti apige kitu kimoja mara mbili, kwa telekonveta na bila hiyo, kisha aikate picha ya pili hadi ukubwa wa ya kwanza. Kama maelezo madogo hayakuongezeka, aiache nyumbani. Porini achague asubuhi, kabla hewa haijapata joto na kuanza kutetemesha taswira.

5. Hitimisho

Telekonveta ya 1.4 yafaa penye mwanga mwingi na zumu nzuri. Ya 2 yadai tahadhari. Lakini picha haitoi jina. Ionyeshwe kwa wasemaji mmoja mmoja, si katika kundi, na kila jibu liandikwe pamoja na mahali lilipotolewa. Wanapotofautiana, tofauti hiyo ni data pia, na kamusi itakuwa na la kusema zaidi ya "aina ya ndege".