Mtaji Ukilala Stoo

Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, mji umejaa vijana wanaoishi kwa kuandika programu. Wapo waliofuata ofisi za umma, wapo waliomaliza Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wakabaki hapahapa. Baadhi yao huniuliza jambo moja: nikitaka kuacha mifumo ya kompyuta nitengeneze kifaa cha kushikika, nikiuze kwa fedha zangu bila mwekezaji wala mkopo, nianzie wapi? Hutarajia tuzungumzie saketi. Mimi huanza na daftari la hesabu.

Tuchukue kifaa cha kuwasha na kuzima pampu ya umwagiliaji wa matone kwa SMS, kilichokusudiwa mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi. Tuseme kipande kimoja kinakugharimu shilingi 90,000, usafiri na kodi zikiwemo, nawe unakiuza 150,000. Faida ya 60,000 inapendeza sana kwenye karatasi. Lakini muuzaji wa vipuri wa Shenzhen, China, hulipwa kwanza. Vipande 100 ni milioni 9 zinazotoka leo. Ongeza muda wa kiwanda, meli, bandari, kuunganisha na kupima, utafika miezi minne. Mkulima naye anakulipa akishavuna. Sasa kifaa kimependwa, watu wanataka 200, unahitaji milioni 18 wakati milioni 15 za mauzo ya kwanza bado ziko shambani. Hapo ndipo biashara yenye faida inapokufa. Programu haina adha hiyo: ukimwuzia mteja wa elfu, hakuna kiwanda kinachosubiri kulipwa kwa ajili yake.

Kodi nayo ihesabiwe tangu mwanzo. Ushuru wa pamoja wa forodha wa Afrika Mashariki una ngazi za asilimia 0, 10, 25 na 35, na kifaa kilichokamilika kinaweza kuangukia ngazi tofauti na sehemu zake, kwa hiyo mwone wakala wa forodha kabla ya kuagiza. VAT ya asilimia 18 hupigwa juu ya thamani ya mzigo pamoja na usafiri na ushuru. Biashara ndogo isiyosajiliwa VAT hairudishiwi kitu. Fedha hiyo inabaki kuwa gharama yake. Na kwa kuwa kifaa chetu kinatumia mawasiliano ya simu, Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) lazima ikithibitishe kabla hakijaingia sokoni.

Kwenye saketi yenyewe, kosa ninaloliona zaidi ni rilei, swichi ya umeme inayoamriwa na programu. Aliyezoea kompyuta hununua rilei ndogo iliyoandikwa ampea 10, kwa kuwa pampu ya nguvu farasi moja hutumia kama ampea 6. Mota inapoanza kuzunguka, hata hivyo, huvuta mara tano ya hapo au zaidi. Baada ya siku kadhaa vidole vya rilei vinaungana kwa joto. Programu inaandika "imezimwa", pampu inaendelea kumwaga maji usiku kucha. Fundi umeme yeyote wa mtaani angekwambia uweke kontakta, swichi kubwa ya mota, rilei iwe ya kuiamuru tu. Mlipe fundi huyo aukague mchoro wako kabla hujaagiza hata skrubu moja, maana kosa la programu unalirekebisha ukiwa umekaa ofisini, la rilei unalifuata kwa pikipiki shamba kwa shamba.

Kasha pia lina hesabu zake. Kalibu ya plastiki hula mamilioni kabla kasha la kwanza halijatoka. Sanduku la bati kutoka kwa fundi wa hapa linatosha kwa mamia ya kwanza, ilimradi antena iwe nje ya bati na sanduku likae kivulini: kapasita nyingi hupoteza nusu ya umri wake kila joto linapopanda nyuzi 10.

Nairobi wapo waliovuka kutoka programu kwenda vifaa. Watu wa Ushahidi, programu iliyozaliwa katika machafuko ya Kenya ya 2008, walibuni BRCK, kisanduku cha intaneti kinachoendelea kufanya kazi umeme ukikatika. Mwaka 2013 walichangisha zaidi ya dola 170,000 kupitia Kickstarter, yaani wanunuzi walilipa kabla bidhaa haijatengenezwa. Kickstarter haipokei miradi kutoka Tanzania, lakini mbinu ile inawezekana hata Chamwino: ushirika wa wakulima utoe nusu mkononi, nawe uagize vipande 20 badala ya 100. Kila kipande kitapanda bei. Kubali, faida ipungue, fedha izunguke.

Halafu fuata kalenda mbili. Zabibu za Dodoma huvunwa Februari hadi Machi, kisha Agosti hadi Septemba. Viwanda vya China hufungwa kwa wiki kadhaa katika mwaka mpya wao, mwishoni mwa Januari au mwezi Februari. Anayetaka kuuza wakulima wakiwa na fedha za Agosti aagize mwanzoni mwa Machi, viwanda vikishafunguliwa. Wa Februari aagize Septemba.